Chambo cha Fuko ni Upepo

Sumu iliyoua kuku sita wa mama yangu niliinunua mimi. Sikuwapo, nilikuwa Mwanza, lakini hela ilitoka kwenye simu yangu: shilingi elfu kumi, pamoja na ya kutolea. Mama alikuwa amepiga kunieleza kwamba panya wamefukua mbegu za mahindi nyuma ya nyumba, mistari mitatu mizima, na fuko wameingia kwenye matuta ya viazi. Akasema anafikiria kumwita mzee mmoja jirani aje atege, na watoto wa kaka wazike ndoo. Nikacheka. Nakumbuka vizuri nilivyocheka, kile kicheko cha mtu aliyerudi na shahada. "Mama, mitego ni mambo ya zamani. Nunua sumu, mara moja tu, umemaliza."

Muuzaji alipita siku ya gulio na spika yake begani, ile sauti iliyorekodiwa ambayo kila Mtanzania anaweza kuiigiza usingizini: sumu ya panya, sumu ya mende, sumu ya kunguni. Mfuko mdogo wa plastiki, hauna jina, hauna maelekezo, ndani yake punje za rangi ya waridi. Mama akatawanya kama alivyoambiwa. Kesho yake jioni walikuwa wamekufa kuku sita, na paka. Paka ndiye aliyekuwa akila panya pale nyumbani tangu mwaka juzi, bila kulipwa na yeyote. Mtoto wa kaka, wa miaka mitatu, alikutwa ameushika ule mfuko mtupu, anaupuliza kama puto. Hakuwa ameonja. Mimi nimeiandika sentensi hiyo kwa maneno mawili, lakini mama aliisimulia kwenye simu karibu saa nzima, akirudia kila mara alipomkuta amekaa, mkono upi, mdomo ulikuwa na nini.

Kwa hiyo ninapowagombeza wenzangu hapa, mjue mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni.

Sisi tuliosoma tuna njia mbili za kuyatendea maarifa ya nyumbani. Ya kwanza ni kuyacheka, kama nilivyofanya. Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu inafanana na heshima: tunayageuza taswira. Hesabuni hadithi na mashairi mliyosoma mwaka huu yenye neno "mtego". Mtego wa mapenzi, mtego wa siasa, mtego wa mjini. Hakuna mwandishi hata mmoja kati yetu anayesimama kuuliza kamba ilifungwa wapi, fimbo ilikuwa ya mti gani, na kwa nini mnyama alikuja. Tunapenda mtego mradi usinase kitu.

Basi niwaeleze unavyonasa.

Fuko haonekani, na ugumu wake ndio huo. Anaishi gizani chini ya tuta, anachimba kwa meno, na midomo yake imefunga nyuma ya yale meno ya mbele ili udongo usimwingie kinywani. Anakula mizizi na viazi akiwa chini. Juu, majani yanabaki ya kijani hata wiki nzima, mkulima anapita anafurahia shamba, siku ya kuvuna anavuta tawi na kukuta ganda. Huwezi kumfukuza kwa mbwa. Huwezi kumpiga manati. Na sumu ukiimwaga juu ya ardhi haimfikii yeye, inawafikia kuku.

Yule mzee tunamwita guku, yaani babu, ingawa si wa ukoo wetu. Nilikuwa namfuata nikiwa mdogo, kwa umbali, maana kutega ilikuwa kazi ya wavulana na mimi nilitakiwa niwe kisimani. Alikuwa anatoka alfajiri kutafuta kifusi kibichi. Kifusi kikavu ni nyumba iliyohamwa, hakigusi. Akikipata kibichi anachoma ardhi pembeni kwa kijiti, hapa, hapa, hapa, mpaka kijiti kizame ghafla: njia iko hapo. Anafukua tundu la upana wa bakuli, njia inaonekana pande mbili. Anachunguza udongo ulivyosukumwa ili ajue mwenye nyumba ametokea wapi. Kisha anajipaka udongo mikononi, taratibu, kama mtu anayenawa.

Kitanzi cha kamba ya katani anakitandaza kwenye mdomo wa njia, kiguse kuta, kisining'inie. Kamba inapanda juu kupitia kitundu na kufungwa kwenye fimbo ya mkole iliyochomekwa ardhini na kupindwa kama upinde. Kinachoizuia fimbo isinyanyuke ni kijiti kidogo, na kijiti hicho kimeshikwa na uzi wa gome unaokatiza katikati ya njia. Fuko akija anakutana na uzi. Kwake yeye ni mzizi kama mizizi mingine, na mizizi hukatwa. Akiukata, fimbo inafyatuka, na kitanzi kinambana kwenye dari ya nyumba yake mwenyewe.

Mimi nilidhani siri iko kwenye chambo. Siku moja nikapata ujasiri, nikamletea kipande cha kiazi kizuri, chekundu, nimekimenya kabisa. Hakunicheka. Alisema, "Huyu ana viazi vya mama yako tuta zima, wewe unamkaribisha kwa kiazi? Chambo cha fuko ni upepo."

Alimaanisha hivi: nyumba ya fuko ikitoboka, upepo na mwanga vinaingia, na hicho ndicho kitu pekee asichoweza kukivumilia. Lazima aje azibe. Wapo wanaoongeza kiazi au mhogo na hakuna ubaya, lakini kinachomleta ni tundu lenyewe. Ukilijua hilo hununui chochote. Mtego mzima umetengenezwa kwa fimbo, kamba, gome na tabia ya mnyama.

Kule Canada yuko mnyama anaitwa biva, mkubwa kama mbwa mdogo, mkia bapa kama mwiko, anayejenga bwawa lake kwa miti aliyoiangusha kwa meno. Bwawa likivuja anakuja kuziba, na mtegaji anamngoja pale pale. Majira ya baridi barafu ikifunika bwawa, mtegaji anatoboa barafu, anashusha mti mkavu wenye vitanzi, na juu yake anafunga tawi bichi, kwa sababu biva amekaa wiki nyingi chini ya barafu akila akiba iliyochakaa na gome bichi halimpiti. Sijafika huko na barafu niliyoiona ni ya kwenye friji ya duka. Lakini nilipoisoma habari hiyo nilimwona guku. Ni akili ile ile: mnyama aliyefichwa na kitu kigumu, na mtu anayejiuliza mwenzake huko chini anakosa nini. Tofauti ni kwamba huko, katika majimbo mengi, huwezi kupewa leseni ya kutega kabla hujapita mafunzo. Kuna vitabu na kuna mtihani. Huku kwetu mtu anayejua mambo hayo anaitwa mzee wa kijijini, na watoto wanaojifunza kwake wanaambiwa wataishia kuchunga.

Msije mkasema sisi hatukuwahi kuwa na chuo cha aina hiyo. Tulikuwa nacho. Wasukuma walikuwa na Banunguli, chama cha wawindaji wa nungunungu. Nungunungu ni mharibifu wa mashamba kama fuko, ila yeye ana mishale, na anakaa kwenye mashimo ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kuingia. Banunguli waliingia. Walitambaa humo gizani kumfuata. Na kwa kuwa kazi ilikuwa ya hatari na ya faida kwa wote, walikuwa na dawa zao, nyimbo zao na ngoma yao, kama Bayeye walivyokuwa na ya nyoka. Leo ukienda Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, utaelezwa habari zao, na utapiga picha. Tumeichukua ngoma tukaiacha kazi. Tunawacheza Banunguli kwenye sherehe, na nungunungu anaendelea kula karanga.

Panya ni habari nyingine, na hapa lazima niwe mkweli maana hapa ndipo watu wa sumu wanapopata nguvu. Panya shamba si fuko mmoja anayekaa peke yake kwenye njia zake. Jike ana chuchu mpaka 24. Mimba yake ni wiki tatu na siku chache, na kwa mkupuo mmoja watoto 10 au zaidi ni jambo la kawaida. Mwaka wa mlipuko, hekta moja inaweza kuwa na panya zaidi ya elfu moja. Wanakula mbegu usiku ule ule ilipopandwa, wanarudi kwa mche. Watafiti wamekadiria kwamba Tanzania hupoteza kwa panya kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi yake kwa mwaka, na hiyo ni wastani. Mwenye shamba lililopigwa hana wastani, ana mistari mitupu.

Watoto wa kaka hutega ndoo. Ndoo inazikwa mpaka mdomo ulingane na ardhi, inatiwa maji robo, juu unapita waya wa baiskeli uliopenyezwa kwenye gunzi, na gunzi limepakwa chambo. Panya akilirukia, gunzi linazunguka. Chambo wanachobishania watoto hao ungedhani ni siasa. Mmoja ni wa kichwa cha dagaa. Mwingine ni wa karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Mkubwa wao anaapa kwa mchembe, kiazi kile kilichokatwa na kuanikwa, lakini anasema sharti uulowanishe kwanza: mchembe mkavu panya anaudokoa na kukimbia nao, ukilowa ukanata kwenye gunzi inambidi atulie aule hapo hapo. Ana miaka kumi na moja. Hajui kama hiyo ni sayansi kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Watafiti wa panya wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambao wamekaa miongo wakimhesabu panya shamba huyu, hutega visanduku vyao kwa karanga zilizosagwa na kuchanganywa na unga au pumba za mahindi. Karanga na pumba. Hata panya buku wa APOPO, wanaofundishwa hapo hapo Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, hulipwa ndizi kila wanapopatia: chambo kimebadilishwa kazi tu. Hakuna aliyemcheka profesa kwa kusaga karanga.

Sasa sumu. Ile inayogawiwa zaidi miaka ya milipuko ni zinki fosfaidi, unga wa kijivu wenye harufu kama ya kitunguu saumu. Ikifika tumboni inakutana na asidi na kutoa gesi, na gesi hiyo haina dawa ya kuizima, si kwa panya, si kwa kuku, si kwa mtoto. Panya aliyeila kidogo akaugua na kupona hataigusa tena. Ataiacha pale chini, ingoje mwingine asiyejua. Nyingine, zile za kufanya damu isigande, huua polepole, na panya aliyelewalewa mchana ndiye wa kwanza kukamatwa na paka au bundi. Bundi, ambaye tayari tunamwua kwa kumwita mchawi. Na zote hizo huombwa baada ya kilio, wakati mbegu zimeshaliwa.

Na kuna matumizi mengine ya ule mfuko usio na jina ambayo kila mmoja wetu anamjua mtu. Sitasema zaidi. Nasema tu kwamba ndoo yenye gunzi haijawahi kumsubiri mtu darini usiku ambao amekata tamaa.

Nataka nijibu hoja mbili, maana nimeshazisikia.

Ya kwanza inasema natetea ujangili. Mashariki ya kwetu kuna Pori la Akiba la Maswa, na nyuma yake Serengeti, na huko mtego una maana moja: waya. Waya unaotolewa kwenye tairi lililochomwa, unafungwa kwenye mti njia ya nyumbu, kisha mtegaji anaondoka. Nimekua na watu waliokuwa wakienda huko na sitajifanya sikula nyama waliyorudi nayo. Lakini mtu aliyemwona guku akitega hawezi kuviita vitu hivi viwili kwa jina moja. Kamba ya katani inaoza. Fimbo ya mkole inakauka na kupoteza nguvu. Mtego wa fuko usiporudiwa siku mbili unakufa wenyewe. Waya hauozi, aliyeutega akifungwa, akihama, akisahau, unaendelea kukaza mwaka mzima, na hauchagui, nyumbu, twiga, hata fisi aliyekuja kula aliyenaswa. Waya haujui chochote kuhusu mnyama zaidi ya kwamba ana shingo au mguu. Kwa tabia hiyo waya ni ndugu wa sumu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 imewapa wenye waya sehemu yao na mimi sina la kuongeza. Ninachokataa ni kumweka mtoto wa ndoo kwenye sentensi moja nao, kama nilivyosikia kwenye mkutano mmoja wa kijiji, ambako mgeni mwenye fulana ya mradi alisema "tuachane na utamaduni wa mitego" na watu wakapiga makofi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na aliyenipa ni mama mwenyewe. Aliniambia, "Mwanangu, mtego unataka mtu. Mimi nina pamba, nina maji ya kuchota, nina watoto wa kaka yako. Sumu inafanya kazi nikiwa nimelala." Hapo nilinyamaza. Ni kweli. Mtego unataka mtu aamke alfajiri, akague, arudishe kitanzi, abadilishe gunzi. Wale wanaosifia maarifa ya asili wakiwa Dar es Salaam husahau kwamba kila maarifa yana saa zake, na saa hizo aghalabu ni za mwanamke.

Lakini mama hakuwahi kusema atatega yeye. Alisema amwite mzee. Hilo ndilo nililoliruka siku ile kwenye simu, na sasa naona ndilo jambo lenyewe. Banunguli hawakuwa kila mtu. Walikuwa watu wa kazi hiyo, na wengine wote waliendelea kulima. Kutega ni ufundi, na fundi huitwa. Hata kwa panya wa mlipuko jibu linaelekea huko huko. Mradi wa ECORAT, uliofanya kazi Tanzania, Namibia na Swaziland ya wakati huo, ulijaribu kutegemea mitego inayotegwa kwa pamoja na kaya nyingi, kila siku, badala ya mmoja kumwaga sumu huku jirani amelala. Kaya moja ikitega peke yake, panya wa jirani wanahamia. Kijiji kikitega, hawana pa kuhamia. Hilo linataka mtu wa kuhesabu mikia na mtu wa kulipa. Sungusungu walijipanga kulinda ng'ombe bila kusubiri mradi wa mtu. Sioni kwa nini mahindi yashindwe.

Desemba nilirudi nyumbani. Nilimkuta guku kwenye kigoda chake, miguu imevimba, na pembeni ameegemeza fimbo tatu za mkole alizokwisha kuzichonga. "Mwangaluka, guku," nikamwamkia, nikiwa nimepiga goti kidogo zaidi ya ilivyo lazima, kama mtu mwenye deni. Aliitikia, akauliza kuku. Habari zilikuwa zimemfikia. Hakusema neno juu ya sumu.

Tukaenda kwenye matuta pamoja, yeye na fimbo ya kutembelea, mimi na jembe, na mjukuu wa miaka kumi na moja nyuma yetu amebeba kamba. Mzee hawezi tena kuinama. Alielekeza kwa fimbo: choma hapo, hapana, karibu zaidi. Kijiti kikazama. Nilifukua mimi. Nilipokwisha kutandaza kitanzi aliniambia kimekaa juu mno, fuko atapita chini yake, nikakishusha. Uzi wa gome aliufunga mtoto kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vinatetemeka na mzee hakuwa na muda wa kungoja. Tukaacha tundu wazi, upepo uingie, tukaondoka kwa kunyata ingawa sidhani kama kunyata kwetu kulikuwa na maana yoyote.

Kabla ya jua kuchwa fimbo ilikuwa imesimama wima. Kufikia kesho yake zilikuwa zimesimama mbili.

Niliuliza bei. Akasema shilingi elfu mbili kwa kila fuko, kwa kuwa ni nyumbani. Na mimi, niliyetuma elfu kumi kwa mtu wa spika bila kuuliza jina la alichouza, nikajikuta nimeshafungua mdomo kumwomba apunguze.